Majina ya raundi ya kwanza yametoka, langu halipo, na sasa silali

"Shikamoo mshauri. Nina miaka 20, nimemaliza form six mwaka huu kombi ya PCB, nimepata Division I ya pointi 7, Biology B, Chemistry B, Physics C. Tangu form two nataka udaktari. Niliomba MD, yaani shahada ya udaktari, vyuo vya Muhimbili, UDOM na KCMC, majina ya raundi ya kwanza yametoka na sijachaguliwa kote. Nimeaplai raundi ya pili, dada kanilazimisha niongeze Nursing na Famasi, sijui kama nimefanya vizuri. Rafiki yangu tuliyekaa dawati moja ana I ya 7 kama mimi, yeye kachaguliwa MD Bugando. Saivi silali, nalogini usiku mzima, tumbo linauma, chakula hakipandi. Kuna kaka anasema anajuana na watu wa chuo, nimpe laki tatu jina langu liingizwe. Baba alishatangazia ukoo mzima kwamba mwanae anaenda kuwa daktari, nikimsikia anakohoa sebuleni nakimbilia jikoni. Je mimi sifai? Nisubiri au nirudie mtihani? Na baba nimwambie nini?"

Marahaba mwanangu, na pole sana. Kipindi hiki meseji za namna hii napata nyingi, ila ya kwako imebeba yote kwa pamoja, kozi, usingizi, tapeli na mzee. Nitajibu kwa urefu, na kama akaunti ya chuo iko wazi kwenye simu hapo hapo naomba uifunge kwanza, haitabadilika wakati unanisoma.

Umeuliza mengi lakini linalokunyima usingizi naona ni lile fupi, je mimi sifai. Hilo tulijibu kwa namba maana namba unazo. Division ya form six inahesabiwa hivi, A ni 1, B ni 2, C ni 3, kwa hiyo B mbili na C moja zinaleta 7 na ikiwa ndogo ndo vizuri. Ukija kwenye kuomba chuo hesabu inageuka juu chini, A inakuwa 5, B 4, C 3, D 2, E 1, na hapo kubwa ndo nzuri. Wewe una 4 na 4 na 3, yani 11 kati ya 15. Kiwango cha chini cha MD kwenye mwongozo wa TCU, ile tume ya vyuo vikuu, ni pointi 6 kwenye Physics, Chemistry na Biology. Wewe una 11 mahali panapotakiwa 6. Swali la kufaa lilishajibiwa siku NECTA, baraza la mitihani, walipotoa matokeo, hakuna kikao chochote kilichokaa kikasema huyu binti udaktari haumfai, hawakujui hata sura.

Ila kutimiza vigezo na kuchaguliwa ni mambo mawili na hapa ndo wengi wanaumia bila sababu. Vigezo vinakupa haki ya kuomba tu. Baada ya hapo chuo kinawapanga waombaji wote wa ile kozi kuanzia wa juu, kinashuka mpaka nafasi zinaisha, mstari unachorwa hapo. Nafasi zenyewe zina idadi, imeandikwa kwenye mwongozo kwa kila kozi, na za MD haziongezwi kirahisi kwa sababu zinategemea walimu, maabara na wodi za hospitali ya kufundishia, huwezi kurundika darasa zima kwenye kitanda cha mgonjwa mmoja. Na huo mstari hakuna anayejua utapita wapi kabla ya dirisha kufungwa, kwa sababu unachorwa na watu walioomba mwaka huo, sio na chuo kukaa na kuamua. Kwa hiyo wale wa kwenye magrupu ya WhatsApp wanaoandika "Muhimbili mwaka huu mwisho 12" kwa kujiamini kabisa, wanakisia. Wengine wanakisia vizuri, sikatai, lakini wanakisia.

Sasa kitu ambacho sidhani kama kuna mtu alikueleza vizuri shuleni ni kwa nini kuna raundi ya pili kabisa. Zamani kidogo, kuanzia 2010, maombi yote yalikuwa yanapitia sistimu moja ya TCU, unajaza machaguo yako, inakupangia sehemu moja, basi. Tangu mwaka wa masomo 2017/18 kila mtu anaomba moja kwa moja kwenye chuo anachotaka, na anaweza kuomba vyuo kadhaa. Matokeo yake yule mwenye 14 au 15 anachaguliwa Muhimbili, anachaguliwa UDOM, anachaguliwa KCMC na Bugando, kote huko kwa wakati mmoja. Umeshapanda daladala pale Mbagala jioni, unajua wale wanaorusha mkoba dirishani kuwahi siti kabla hawajaingia. Sasa fikiria mtu mmoja karusha mikoba minne kwenye siti nne. Wewe uliye nje unachungulia unaona gari limejaa, wakati siti tatu kati ya zile zitabaki wazi akishakaa.

Kukaa kwenyewe ndo huku kuthibitisha. Waliochaguliwa chuo zaidi ya kimoja wanatumiwa namba ya siri kwa meseji, wanaingia kwenye akaunti ya chuo walichokipenda wanathibitisha hicho kimoja, kwingine kote wanaachia. Hapo ndo nafasi zinarudi mezani na vyuo vinatangaza kozi ambazo bado ziko wazi. Sitakudanganya, MD ni kozi ambayo watu wanaishika kwa meno, kuna vyuo vinakuwa vimejaa raundi ya kwanza na havirudi nayo tena, na vinavyorudi nayo vinarudi na siti chache zinazogombaniwa na kundi kubwa la wenye 11 na 12 kama wewe. Kwa hiyo nafasi yako ipo, ni ya kweli, na sio ya uhakika.

Kuhusu rafiki yako. Ulijaza Bugando? Kwa maelezo yako hapana, ulijaza Muhimbili, UDOM na KCMC. Basi nyie hamkuwahi kushindana. Yeye alisimama foleni ya Bugando kule Mwanza, wewe ulisimama foleni tatu nyingine ambazo mbili kati yake ni vyuo vya serikali ambavyo karibu kila mwenye PCB nzuri nchi hii anaanza navyo. Hata mngejaza sehemu moja bado I ya 7 zinatofautiana ndani, mwenye A, B na D naye ana 7, na chuo kinaweza kuangalia kwanza somo fulani kikiwa na watu waliolingana. Usijipime kwake, na usimkwepe pia, saivi nyie wawili mnahitajiana.

Huyo kaka wa laki tatu nitamuongelea kwa ufupi kwa sababu hastahili muda wako. Majina hayaingizwi na mtu mmoja mwenye pasiwedi, chuo kinachagua, listi inapelekwa TCU inahakikiwa, ndo inatangazwa. Anachofanya yeye ni hesabu rahisi tu, anachukua laki tatu kwa watu ishirini, wanaochaguliwa kwa pointi zao wenyewe anawaambia "si nilikwambia", wasiochaguliwa anawazimia simu. Na ukimpa, wewe pia umetoa rushwa, sheria inamwangalia anayetoa na anayepokea. Ukitaka kumripoti, TAKUKURU wanapatikana bure kwa 113. Na namba yako ya siri ikija usimtumie mtu yeyote hata akisema anatokea chuoni.

Haya, twende kwenye mwili wako, maana hapo ndo kuna moto saivi.

Mwaka 2016 watafiti wa University College London walifanya jaribio moja ambalo napenda sana kuwasimulia vijana. Waliwakalisha watu mbele ya kompyuta, kwenye skrini kuna mawe, unabashiri kama chini ya jiwe kuna nyoka, nyoka akiwepo unapigwa shoti ya umeme mkononi, shoti inayouma kweli. Wakawa wanapima jasho na mboni za macho kuona mwili unahangaika kiasi gani. Unaweza kudhani aliyehangaika zaidi ni yule aliyejua kwa hakika anapigwa shoti. Hapana. Waliokuwa na hali mbaya kuliko wote ni wale waliokuwa nusu kwa nusu, labda napigwa labda sipigwi. Aliyejua kwamba shoti inakuja alikuwa ametulia kuliko aliyekuwa hajui. Wewe saivi uko katikati kabisa ya labda, wiki nzima, na mwili unakaa macho kama kuna mwizi anazunguka nyumba, unamwaga adrenalini na kotisoli, tumbo linapunguza kazi ndo maana chakula hakipandi, usingizi unakataa kwa sababu mwili uliojiweka tayari kukimbia haulali. Hujalogwa na huna udhaifu wowote, watu wazima waliwekwa kwenye hiyo hali kwa muda mfupi tu na miili yao ikahangaika vilevile.

Alafu kuna hii ya kulogini usiku mzima. Mtaalamu mmoja wa zamani wa Marekani, B.F. Skinner, aligundua kwamba njiwa akidonoa kitufe na punje ikawa inatoka bila mpangilio, mara itoke mara isitoke, anadonoa bila kuchoka kuliko yule ambaye punje inatoka kila mara. Akaunti yako inakufanyia hivyohivyo. Kila ukifungua kuna uwezekano mdogo kwamba safari hii kuna kitu, na huo uwezekano mdogo ndo unakurudisha saa nane usiku. Na kila ukifungua ukakuta bado, unapata kadozi kengine ka kukataliwa wakati hakuna mtu aliyekukataa usiku huo, ofisi zenyewe zimefungwa.

Watu watakuambia usiwaze, mwachie Mungu, mvumilivu hula mbivu, kana kwamba wewe ndo unayechelewesha majina. Dua ni nzuri, swali au nenda ibadani kama ulivyozoea, inasaidia wengi na sitakaa nikaibeza. Lakini hii ya "usiwaze" ni ushauri ambao hautekelezeki. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani anaitwa Kate Sweeny, ameifanya kusubiri kuwa kazi yake. Aliwafuatilia wahitimu wa sheria wa California waliofanya mtihani wa uwakili, wao wanasubiri matokeo miezi minne, fikiria. Akaangalia wanaojilazimisha kutowaza, wanaojipa moyo kwamba watapita tu, wanaojiandaa kwa mabaya mapema. Mbinu hizo zote hazikupunguza wasiwasi wa kusubiri kwa maana yoyote. Na lingine likamshangaza, waliohangaika sana wakati wa kusubiri ndo walioipokea habari mbaya vizuri zaidi ilipokuja, na nzuri waliifurahia kweli. Kwa hiyo kuwa na wasiwasi sio kosa la ziada la kujilaumu nalo. Wasiwasi utakuwepo, tunachotafuta ni usile chakula chako na usingizi wako.

Kilichoonekana kusaidia kwenye tafiti zake za baadaye ni kazi inayokumeza, ile ambayo ukiifanya unashtuka saa mbili zimepita. Kulala kitandani na simu sio kupumzika, ndo sehemu mbaya kuliko zote. Tafuta kitu kinachodai akili na mikono, na kiwe na ugumu kidogo. Una B ya Chemistry, mtaani kwako lazima kuna watoto wa form four wanaolia na moli, wafundishe jioni, hata kwa buku buku. Kama mama ana cherehani jifunze kukata nguo. Kusuka, kulima bustani, kuandika hesabu za duka la shangazi, chochote, mradi kisiwe cha kukaa unasubiri huku umeshika simu.

Kuhusu kulogini, sikuambii uache kabisa maana hutaweza. Weka nyakati mbili, asubuhi baada ya chai na jioni kabla jua halijazama. Usiku simu inalala chumba kingine. Vyuo vinatangaza kwenye tovuti na kurasa zao, na habari ya majina ikitoka utaipata ndani ya nusu saa hata ukiwa umejificha pangoni, magrupu yatalipuka. Na hayo magrupu, toka kwenye mawili, baki kwenye moja lenye adabu. Chai ya rangi nzito na kahawa baada ya saa kumi jioni acha kwa sasa. Chakula kikigoma anza na uji, kidogo kidogo mara nyingi, usisubiri njaa kwa sababu njaa haitakuja yenyewe.

Kujipa moyo na kujiandaa kwa mabaya vyote vina wakati wake. Saivi ambapo kuna siku mbele yako jipe moyo, hakuna unachopoteza. Siku mbili tatu kabla ya majina ndo ukae chini na dada mzungumze, ikiwa sipo tunafanya nini. Wewe naona umeanza kujiandaa kwa mabaya wiki nne kabla, ndo maana umechoka.

Na kuna vitu viko mikononi mwako leo hii, vifanye. Namba ya simu uliyojaza kwenye maombi ni ipi? Kama ni ya yule jamaa wa steshenari aliyekujazia, una tatizo kubwa kuliko pointi, kwa sababu namba ya siri inakuja kwa meseji kwenye hiyo namba. Nenda kachukue pasiwedi zako zote, badilisha, hakikisha laini uliyojaza iko hewani. Angalia kama namba yako ya mtihani wa form four uliyojaza chuoni ndo hiyohiyo uliyojaza Bodi ya Mikopo, yaani HESLB, zikitofautiana mifumo haitakutambua kama mtu mmoja. Mkopo wenyewe usiuwaze saivi, HESLB wanapanga kwa waliopata udahili na majina yanatoka kwa awamu, utaangalia kwenye akaunti yako ya SIPA ukishapata chuo.

Sasa Nursing na Famasi. Dada yako hakukosea kukuambia uongeze, na ile hadithi kwamba ukijaza kozi nyingine chuo kinaona hauko siriazi na MD usiiamini, mpangilio wa machaguo yako ndo unaosema unataka nini kwanza. Ila swali la kujiuliza kabla majina hayajatoka ni hili, nikichaguliwa Nursing nitaenda kwa moyo? Sikuulizi kama inafaa, inafaa sana, miaka minne, hospitali haziendeshwi na madaktari peke yao, na Famasi vilevile. Nakuuliza wewe. Kwa sababu kuna mpango mmoja mbovu ambao kila mwaka nakutana nao, binti anaingia kozi asiyoitaka akisema nitahamia MD huko ndani. Kuhama kupo kisheria, lakini lazima kozi unayohamia iwe na nafasi na wewe uwe na vigezo vyake, na MD ndo kozi watu wanataka kuhamia, hakuna anayehama humo kukuachia siti. Ukiingia Nursing ingia ukiwa nesi. Kama moyo unakataa kabisa, bora ujue leo kuliko mwaka wa pili.

Ukichaguliwa MD raundi ya pili, hata chuo ambacho hukukiota, mimi ningekwambia chukua. Shahada ni ileile miaka mitano na intaneshipu mwaka mmoja, na mgonjwa hakuulizi ulisomea Moshi au Dodoma. Vyuo binafsi ni habari nyingine kidogo, navyo vinafundisha vizuri lakini ada ya MD huko ni mamilioni kadhaa kwa mwaka na mkopo unaweza usifikie ada yote. Zidisha kwa tano na baba yako mkiwa na kalamu, kabla ya kuthibitisha. Nimeona familia zimeuza shamba mwaka wa kwanza na mwaka wa tatu hakuna cha kuuza. Na mawakala wa kwenda kusoma nje wakikupigia simu, na watakupigia, hakikisha kwanza TCU wanakitambua hicho chuo, mkataba baadaye.

Kuna njia ya kuzunguka ambayo watu wanaidharau bila sababu, stashahada ya utabibu, ya clinical officer, miaka mitatu. Ukimaliza na GPA isiyopungua 3.0 na ukawa na vigezo vya form four unaweza kuomba MD, na katikati hapo una kazi mkononi. Ni ndefu. Lakini waliopita huko wakifika wodini wanajua kuchoma sindano wakati wenzao wa form six bado wanaogopa kugusa mgonjwa.

Kurudia mtihani sikushauri, na hapa nasimama. Unaweza kujisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, ndio, lakini kwa mwenye 11 faida ni pointi moja au mbili kama mambo yakienda vizuri, na unasoma peke yako bila maabara, hiyo Physics ya C inaweza ikageuka D. Ningemshauri mwenye 6 au 7. Kwa wewe, kama raundi zote zikiisha huna MD na Nursing umeikataa kwa dhati, ni afadhali ukae mwaka mmoja ukifanya kitu cha maana na uombe tena mwakani kwa cheti hichohicho, hakiozi, na safari hiyo ujaze vyuo vingi zaidi, Bugando ikiwemo, na Mbeya, na Zanzibar. Kosa pekee nililoliona kwenye maombi yako ni hilo la kujaza vyuo vitatu vyenye foleni ndefu na kozi moja tu. Linarekebishika.

Kuna hali lakini ambazo meseji yangu haitoshi. Hali hii ya kutolala na kutokula ikifika wiki mbili mfululizo, au ukianza kuacha kuoga na kutoka nje, au ukaona kila kitu hakina maana hata vile ulivyovipenda, nenda hospitali, uombe kuonana na mtu wa afya ya akili, hospitali za rufaa za mikoa wana kitengo hicho na haimaanishi umechanganyikiwa. Tumbo nalo kama linauma sana, unatapika au unaona damu, usiseme ni stresi tu, kapimwe. Na likikujia wazo la kwamba bora nisiwepo, hata kama linapita tu kwa sekunde, mwambie dada siku hiyohiyo akupeleke, usilale nalo. Sisemi uko huko. Nasema kwa sababu vijana wenye pointi nzuri ndo huwa wanaficha.

Tumalizie na baba. Wewe unamkimbia ukidhani ana hasira, na yeye nina wasiwasi anakuona unamkimbia anadhani kuna kitu unamficha, maana wazazi wa rika lake wengi walikuja kuijua hii ya raundi kupitia nyie. Yeye anajua matokeo yametoka, Division one, mtoto kafaulu, kwa nini hajaenda? Kwa hiyo usimpelekee machozi kwanza, mpelekee maelezo. Subiri amekula na ametulia, dada awepo kama itakupa nguvu, umsalimie vizuri, kisha useme hivi au kwa maneno yako: "Baba, naomba nikueleze habari ya chuo. Raundi ya kwanza sikupata, sio kwamba nimefeli, pointi zangu ni 11 na zinazotakiwa ni 6, ila waombaji ni wengi na nafasi ni chache. Raundi ya pili nimeshaomba, majibu bado. Nikipata udaktari nitakwambia siku hiyohiyo, na nikipata kozi nyingine tutakaa tuamue pamoja. Naomba tu kwa sasa watu wakiuliza uwaambie bado anasubiri."

Hiyo sentensi ya mwisho usiiruke. Yeye ndo aliyetangaza, na watu wanamuuliza yeye msikitini au kwenye kahawa, anahitaji jibu la kuwapa na hana. Ukimpa, umempunguzia na yeye. Anaweza akakasirika kidogo, anaweza akanyamaza tu akasema haya, anaweza akasema maneno ya "ungesoma kwa bidii", yapokee, siku ya pili atakuwa amelala nayo. Kama kwa baba yako mambo mazito yanapitia kwa mama au kwa baba mdogo, pitia huko, hakuna ubaya. Ila iwe kabla majina ya raundi ya pili hayajatoka, sio baada. Na jina lako likitoka kwenye vyuo viwili usingoje siku ya mwisho kuthibitisha, usiku wa kufunga dirisha kila mtu anaingia na sistimu inagoma.